Hata Serikali Ibishe Hodi

Kiswahili chetu, ukikisikiliza harakaharaka, utadhani kiko upande wa wapelelezi. Mficha uchi hazai. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hata kabla ya wakili kufungua kinywa, wahenga wameshatoa hukumu: anayeficha atajuta. Na hoja ni hiyohiyo kila mjadala wa serikali kusikiliza simu za watu unapozuka, uwe barazani au kwenye kundi la WhatsApp: "Kama huna baya, waogopa nini? Waache wasikilize, watachoka wenyewe."

Nataka kuijibu hoja hiyo kwa heshima, kwa sababu wengi wanaoitoa si wajinga wala si vibaraka. Wengine walizika watu wao. Sisi Wakenya tuna tarehe ambazo hatuhitaji kalenda kuzikumbuka. Tarehe 21 Septemba 2013, Westgate, watu 67. Juni 2014, Mpeketoni, zaidi ya 60. Novemba mwaka huohuo, abiria 28 wa basi waliuawa kule Mandera, na siku chache baadaye wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe katika kaunti hiyohiyo. Mtu akisoma orodha hii kisha akuambie hajali simu yake kusikilizwa, usimcheke. Anasema anataka watoto warudi nyumbani wazima. Nani hataki?

Katika hali hiyo ya msiba na hasira ndipo ilipozaliwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama ya 2014. Bunge liliipitisha tarehe 18 Desemba huku wabunge wakirushiana maneno, maji na ngumi, na kesho yake Rais Uhuru Kenyatta akaitia sahihi. Upinzani ukaenda mahakamani. Tarehe 23 Februari 2015, majaji watano wa Mahakama Kuu walifuta vifungu vinane, kikiwemo kile kilichotaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Watu wakashangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Ila kifungu kimoja kilipita salama, nacho ndicho kinachonikosesha raha hadi leo: kile kinachohusu kunasa mawasiliano. Majaji waliona kwamba kwa uzito wa tishio la ugaidi, kuibana faragha namna hiyo kunakubalika.

Hebu tutazame kilibadilika nini hasa. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 ilikuwa tayari ina njia ya kusikiliza simu za washukiwa. Kifungu cha 36 kilimtaka polisi apate idhini ya maandishi kutoka kwa wakubwa, kisha aende mahakamani kuomba amri. Marekebisho ya 2014 yakaongeza kifungu cha 36A. Hiki kinasema vyombo vya usalama wa taifa vinaweza kunasa mawasiliano ili kugundua, kuzuia na kuvuruga ugaidi, kwa utaratibu utakaowekwa na waziri. Kanuni hizo za waziri sharti ziidhinishwe na Bunge la Taifa, na hilo tuliseme kwa haki. Lakini ndani ya kifungu chenyewe jaji hatajwi. Kinachotajwa waziwazi ni kwamba haki ya faragha, ile ya Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010, itabanwa.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ubishi ni kati ya wanaotaka magaidi wasikilizwe na wasiotaka. Sijawahi kukutana na mtu mzima anayetetea haki ya gaidi kupanga mauaji kwa raha zake. Ubishi ni juu ya jambo dogo kuliko hilo, nalo ni hodi.

Kwetu Pwani mlango wa nyumba hushinda wazi. Unaweza kumwona mwenye nyumba kakaa ukumbini, naye akakuona, na bado utasimama nje useme, "Hodi!" Ungoje karibu. Ukibisha mara tatu bila kujibiwa, unakwenda zako. Anayebisha hodi hasemi kwamba ndani kuna mwizi, wala mwenye nyumba anayengoja kubishiwa hodi hasemi kwamba anaficha kitu. Wote wawili wanakubaliana tu kwamba ndani pana mwenyewe.

Sasa, mpelelezi hawezi kumpigia mshukiwa hodi. Ukimwambia mtu kwamba kuanzia kesho tutasikiliza simu yako, kazi imeharibika. Hapa wapelelezi wana haki kabisa. Na ndiyo maana ya kumweka jaji: hodi inabishwa kwake. Yeye ndiye anayeitika kwa niaba yangu mimi nisiyejua kwamba kuna mtu mlangoni. Anauliza: unamtaka nani, kwa nini, kwa siku ngapi, na ukikosa unachokitafuta utafanya nini na ulichokisikia? Ukimwondoa jaji, hodi haijafupishwa, imeondolewa. Anayetaka kuingia na anayeruhusu kuingia wanakuwa mtu mmoja.

Nirudi kwa wahenga, maana sikutaka kuwasingizia. Mficha uchi hazai, sawa, lakini uchi unaonyeshwa nani? Mwenzio wa ndoa. Mkunga. Hauonyeshwi soko zima. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maradhi hufichuliwa kwa tabibu, na tabibu akiyatangaza msikitini au kanisani tunasema hana adabu. Methali zote mbili zinamhimiza mtu ajifunue kwa mtu aliyemchagua, kwa sababu aliyoijua. Hiyo ndiyo faragha kama ninavyoielewa: uwezo wa kuchagua nitajifunua kwa nani. Mtu anayejifunua kwa hiari na mtu anayefunuliwa hawajafanyiwa jambo moja, hata kama kilichoonekana ni kilekile.

Na hapa pana jambo linalowahusu hata wale wasiojali faragha, wanaojali usalama peke yake. Fikiria mama mmoja wa Kwale au Majengo. Kijana wake amebadilika. Analala mchana, simu haimtoki mkononi, marafiki wa zamani kawaacha, na juzi aliaga kwa maneno yaliyomtia mama baridi. Mama huyu ana habari ambayo hakuna mtambo utakaoipata mapema kama yeye. Anahitaji mtu wa kumwambia: ndugu, sheikh, mwalimu, labda hata afisa. Lakini mashirika ya haki za binadamu yameorodhesha kwa miaka visa vya vijana wa Pwani waliochukuliwa wasionekane tena. Mama akiamini kwamba kila neno lake kwenye simu lina sikio la tatu, na kwamba sikio hilo haliulizwi na yeyote, atafanya nini? Atanyamaza. Atamfungia mwanawe ndani na kumuombea dua. Siku kijana akitoroka, serikali itakuwa imepoteza shahidi wake bora kwa sababu ya tamaa ya kusikia kila kitu.

Wapo watakaoniambia: "Wewe unaongea juu ya majaji na karatasi, bomu halingoji." Kweli, halingoji. Basi iwekwe dharura, nayo iwekewe saa: afisa asikilize kwanza, kisha kabla ya siku mbili kwisha awe mbele ya jaji kueleza, na asipoeleza alichonasa kifutwe. Jaji wa zamu usiku si jambo la ajabu katika nchi yenye daktari wa zamu usiku. Na tukumbuke Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015, majuma matano tu baada ya mahakama kukiacha kifungu hicho kisimame, watu 148 waliuawa chuo kikuu. Magazeti yaliandika kwamba tahadhari zilikuwa zimetolewa kabla, na kwamba kikosi maalumu kutoka Nairobi kilichukua saa nyingi kufika. Sisemi kusikiliza simu hakufai kitu. Nasema siku ile hatukukosa masikio, tulikosa miguu, na hakuna kifungu cha kunasa mawasiliano kinachoweza kumpa mtu miguu.

Kwa sisi tunaopenda vitabu, hofu yangu ina historia. Mwaka 1969 Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu kwa kuandika kijikaratasi kilichouliza Kenya inakwenda wapi. Serikali ya wakati ule haikusema inamfunga mtu aliyeuliza swali, ilisema uchochezi. Akiwa gerezani aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za choo, yakatoka, na mwaka 1973 yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais aliyekuwa madarakani alipofungwa. Kile kilichoitwa hatari kwa taifa leo husomeshwa vyuoni. Maneno kama uchochezi, usalama na ugaidi hutanuka kufuatana na anayeyashika, na sheria hubaki mezani hata aliyeitunga akishaondoka.

Ninaona dalili ndogondogo kwetu sisi wenyewe. Tukiwa tunaandikiana juu ya siasa, mmoja ataandika, "Hayo tutaongea tukionana." Tunacheka, tunabadilisha mada. Pengine hakuna aliyewahi kutusikiliza hata siku moja. Haidhuru, tumeshajifunza kunong'ona. Wazo bichi linahitaji mahali pa kukosea kabla halijatoka hadharani, na mahali hapo panapungua bila mtu yeyote kukamatwa.

Kwa hiyo ukiulizwa unaficha nini, jibu bila hasira. Sema: huenda sifichi chochote, na mlango wangu huenda u wazi. Lakini wewe uliye nje una bunduki, una jela, una mafaili, nami nina mlango tu. Simama hapo kwanza. Bisha hodi kwa jaji, umweleze unachokitaka. Akisema karibu, ingia.