Visanduku vya Kesho

Mchoraji wa vibonzo aliyejiajiri hana bosi wa kumfokea wala kengele ya kumwambia kazi imeanza. Ndiyo maana akifungua programu ya kupangia kazi kama Notion au Trello na kukuta kiolezo kilichokwisha kupangwa, huona kama amepata msimamizi wa bure. Safu ya kwanza ni ya mawazo, ya pili ya kazi zinazoendelea, ya tatu ya zilizokamilika. Yeye ni kujaza tu: kitabu cha watoto Machi, maonyesho Juni, tangazo la mteja wiki ijayo. Akimaliza hujisikia mwepesi, kana kwamba nusu ya kazi imekwisha. Hajachora hata mstari mmoja.

Wepesi huo ndio wa kutiliwa shaka. Aliyeandika "maonyesho" ndani ya kisanduku cha Juni ameshika nini hasa mkononi?

Waswahili wana jibu la haraka, nalo ni inshallah. Msingi wake umo katika Surat al-Kahf, aya ya 23 na 24, ambako mja anakatazwa kusema atalifanya jambo kesho pasipo kulitegemeza kwenye matakwa ya Mungu. Mkristo analikuta wazo la namna hiyo katika Waraka wa Yakobo, sura ya 4: wafanyabiashara wanaohesabu safari ya mwaka mzima na faida yake wanaambiwa kuwa hata ya kesho hawayajui. Hakuna andiko kati ya hayo linalomzuia mtu kupanga. Kinachokemewa ni kujimilikisha siku ambayo haijafika. Ni kweli neno lenyewe limechakaa. Fundi cherehani akisema "Ijumaa, inshallah", mteja mzoefu hajisumbui kwenda kabla ya Jumanne.

Mwanatheolojia Mkenya John Mbiti alilichimba suala hili kutoka upande mwingine. Katika African Religions and Philosophy, kitabu kilichotoka mwaka 1969, alidai kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati ni matukio yenyewe. Kilichopita na kinachotokea ni wakati. Ambacho hakijatokea, na hakina dalili ya kutokea karibuni, bado si wakati. Ushahidi aliutafuta zaidi katika Kikamba na Kikikuyu, lakini majina ya vipindi vyake viwili, Sasa na Zamani, aliyaazima kwenye Kiswahili. Wengi walimpinga, akiwemo mwanafalsafa wa Ghana Kwame Gyekye. Hata Kiswahili chenyewe kina kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, na lugha haichoki kuzipa majina siku isizozijali. Hata hivyo Mbiti hakuikana kesho iliyo karibu. Alichokitilia shaka ni wakati ujao unaonyooka mbele bila mwisho, mtupu, ukingoja kujazwa. Picha ya wakati mtupu unaongoja kujazwa ndiyo hasa iliyomo kwenye kiolezo.

Tena kiolezo kina kwao. Mara nyingi juma lake huanzia Jumatatu, siku ambayo jina lake kwa Kiswahili linasema wazi kuwa ni ya tatu. Siku yake huanza usiku wa manane, ilhali saa ya Mswahili huanza kuhesabiwa jua likichomoza. Kadi zinazosogezwa kutoka safu hadi safu nazo zina nasaba ya kiwandani: mhandisi Taiichi Ohno wa Toyota alitumia kadi zinazoitwa kanban ili kipuri kitengenezwe pale tu kinapohitajika, na mfano aliuchukua kwenye supamaketi za Marekani, ambako rafu hujazwa kufuatana na kilichonunuliwa. Kwa gari mpango huo unafaa, kwa sababu kila mtu anajua usukani utakuwaje kabla haujatengenezwa. Mtunzi wa riwaya hajui sura ya kumi itasema nini mpaka aandike ya tisa.

Je, basi msanii aachane na jedwali? Anthony Trollope, mwandishi Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1815, angecheka. Alikuwa mtumishi wa posta na akaandika riwaya 47. Alimlipa mtumishi wake mzee pauni 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa, na kufikia saa 11:30 alfajiri alikuwa mezani. Aliweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa. Kila alipoanza kitabu alichora shajara, akaigawa kwa majuma, na kila siku akajaza idadi ya kurasa alizoandika. Akizembea siku moja au mbili, pengo lilibaki pale likimkodolea macho.

Shajara hiyo ilikuwa kiolezo kwa kila hali, ila uzito wake ulikuwa kwenye safu ya yaliyokwisha kutendeka. Nambari haikuingia mpaka kurasa ziwepo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujipatia wepesi wa bure. Huo ndio ukali ambao violezo vingi vya leo vimeupoteza: vinampongeza mtu kwa nia, vikamwacha aende zake. Mchoraji wetu angefanya vyema kuifuta nusu ya visanduku vyake vya mbele na kuongeza safu moja ya kuandika, kila jioni, alichokichora siku hiyo.

Mambo yenyewe Trollope aliyasimulia waziwazi katika kitabu cha maisha yake, kilichochapishwa mwaka 1883 akiwa amekwisha kufariki. Mwishoni mwa mwaka 1882 alipatwa na kiharusi, na Desemba akafa. Riwaya aliyokuwa akiiandika, The Landleaguers, ilichapishwa hivyo hivyo, bila mwisho.