Kodi na Daftari

Tumfikirie mama auzaye dagaa Kamunyonge, mjini Musoma, ambaye mauzo yake ya mwaka yafika shilingi 5,000,000. Viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 viliagiza hivi: akiwa na kumbukumbu za biashara, alipe asilimia 3 ya kile kizidicho shilingi 4,000,000, yaani shilingi 30,000. Asipokuwa nazo, alipe shilingi 100,000.

Nia twaielewa: watu wahimizwe kuandika hesabu. Tena kulipa kodi ni wajibu. Zahanati haijengwi kwa maneno matupu. Lakini je, ni haki mama asiyejua kuandika alipe zaidi ya mara tatu kuliko jirani yake mwenye mauzo yale yale? Haki yataka mzigo upimwe kwa nguvu za mchukuzi, wala si kwa elimu yake.

Basi kodi na iwe nyepesi kueleweka, hata yule aliye mnyonge ajue adaiwacho na sababu yake. Wenye mamlaka wafundishe kwanza, ndipo watoze. Nanyi wazazi, msingoje: jioni ya leo mtoto asomaye shule na aketi karibu na mama yake, aandike mauzo ya siku.