Sukari na Kikapu Chetu

Mwaka 1791 Bunge la Uingereza lilikataa mswada wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndipo jamaa nyingi za Kikristo kule zikaacha kununua sukari ya visiwa vya Karibi, kwa kuwa ilitoka mashamba ya watumwa. Chai wakainywa hivyo hivyo, bila sukari. Sheria ilipitishwa mwaka 1807, wao hawakuingoja.

Yakobo, sura ya 5, atuonya kwamba ujira waliodhulumiwa wavunaji hupaza sauti mbele za Mungu. Nasi tushikapo kikapu, je, twauliza aliyelima amepata nini? Mama muuza mchicha twambana apunguze shilingi hamsini, na tukifika duka kubwa twalipa bei iliyoandikwa, kimya.