Ridhaa na Haki katika Biashara

Katika barabara ya Morogoro, ipitayo Misugusugu, malori yashukayo Dar es Salaam huchukua ng'ombe wa mnada wa Pugu na shaba ya Zambia na Kongo. Yapandayo huchukua nguo, mashine na simu zilizotengenezwa ng'ambo. Je, nchi ya mifugo na madini ikiuziana hivyo na mataifa makubwa, haki hutendeka?

Wengi hujibu kwamba bei iliyokubaliwa na pande mbili ni ya haki. Jawabu hilo lina ukweli, lakini halikutimia. Mfugaji aliyekwisha kufika mnadani hawezi kungoja: ng'ombe hukonda, na majani hununuliwa. Mnunuzi aweza kurudi kesho. Wote wawili wameridhika, ila mmoja hakuwa na njia nyingine.

Hali ya mataifa ni hiyo hiyo. Tanzanaiti iligunduliwa Mererani, katika nchi ya wafugaji Wamaasai, mwaka 1967. Jina ilipewa na Tiffany wa New York mwaka 1968, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ilichongwa Jaipur, India. Mwaka 2010 Tanzania ilikataza kusafirisha mawe ghafi yazidiyo gramu moja. Lakini katazo peke yake halimfundishi mtu kuchonga. Na asiyejua kuchonga, hata akinyimana jiwe, mwisho atampelekea ajuaye.

Basi ridhaa ni mwanzo wa haki tu. Hutimia pale kila upande uwezapo kusema "siuzi" na watoto wake wasilale njaa. Uwezo huo yatupasa kuutafuta kwa kujifunza kazi, wala mnunuzi mwadilifu hatauzuia.