Waliomletea Musa Jiwe

Masomo: Kutoka 4:10-16, Kutoka 17:8-13, Kutoka 18:13-23



Hili ndilo neno tulilojifunza Jumapili iliyopita. Nimeliandika kwa ajili ya wale ambao mvua na utelezi wa milima yetu uliwazuia kufika, na pia kwa wale waliofika na wakaomba walisome tena polepole.

Tumezoea kumwona Musa nabii, Musa wa fimbo, Musa wa Bahari ya Shamu. Leo hebu tumwone Musa mfanyakazi. Ni mtu aliyeitwa kwenye kazi ya umma akiwa na miaka 80, na ulimi wake ulikuwa haumtii. Wengi wetu hapa tunalishwa na kazi ya umma. Tuna walimu, manesi, makarani, askari, machifu na manaibu wao, wafanyakazi wa kaunti wanaoshuka Wote kila Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo neno hili ni letu.

Kwanza: Mungu hakufuta barua ya kazi

Katika sura ya 4, Musa anamweleza Mungu wazi kwamba kusema kunamshinda. Kama kilikuwa kigugumizi au ni kitu kingine, Biblia haisemi. Inachosema ni kwamba alikuwa hivyo kabla ya kuitwa, na alibaki hivyo hata baada ya Mungu kusema naye kichakani.

Sasa angalia jibu la Mungu. Anamwuliza Musa ni nani aliyeumba kinywa cha mwanadamu, na anawataja hapo hapo asiyesema, asiyesikia na asiyeona, kwamba wote wanamjua Muumba mmoja. Hasemi atatafuta mtu mwingine. Hasemi, "Ngoja kwanza upone, halafu uje uripoti kazini." Hasira ya Mungu ilikuja pale Musa alipokataa kwenda, haikuja kwa sababu ya ulimi. Halafu Mungu anafanya jambo la kiofisi kabisa: anampa msaidizi. Haruni atasema mbele ya watu, lakini cheo kinabaki kwa Musa.

Wapendwa, sisi tunaamini uponyaji, na mimi nauamini kwa moyo wote. Kila wiki tunawawekea watu mikono. Lakini onyesha mahali palipoandikwa kwamba ulimi wa Musa uliponywa. Utafungua Biblia mpaka usiku. Basi tuache kumwambia mtu mwenye ulemavu kwamba tatizo lake ni imani ndogo. Musa alisimama mbele ya Farao na ulimi ule ule.

Nchi yetu nayo imeandika jambo linalokaribiana na hili. Katiba ya 2010, Kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, aweze kufika mahali pote pa umma, na atumie lugha ya ishara au maandishi ya nukta nundu. Inataka pia, hatua kwa hatua, angalau asilimia 5 ya nafasi katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa ziwe za watu wenye ulemavu. Mwezi Mei 2025 Rais alitia sahihi Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyochukua mahali pa ile ya 2003. Aliyeisukuma Bungeni ni Seneta Crystal Asige, mama ambaye mwenyewe alipoteza uwezo wa kuona.

Sheria tunazo. Lakini ripoti za Tume ya Utumishi wa Umma zimeonyesha mara nyingi kwamba ofisi za serikali ziko mbali sana na hiyo asilimia 5. Wakati huo huo, sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Makueni yetu ni miongoni mwa kaunti zenye kiwango cha juu cha watu wenye ulemavu hapa Kenya. Hao ni watu wetu. Wengine mmeketi nao kwenye benchi moja.

Pili: Mlima ulikuwa na mawe tele

Sura ya 17 tunaijua. Israeli wanapigana na Amaleki, Musa yuko juu ya kilima na mikono imeinuliwa. Mikono ikishuka, vita vinawaendea vibaya. Mikono ikachoka. Haruni na Huri wakafanya nini? Wakaleta jiwe, wakamketisha, kisha wakamshika mikono, mmoja upande huu na mwingine upande ule, mpaka jua likatua.

Mtu wa Kilungu analielewa andiko hili haraka. Juu ya mlima mawe ni mengi. Jiwe lile lilikuwa pale tangu asubuhi, na kilichokosekana ni mtu wa kumtazama Musa na kuona kwamba anahitaji kuketi. Tena hawakumwambia, "Mzee, umechoka, shuka, tumpe Yoshua fimbo." Walibadilisha mahali pake pa kazi ili kazi iendelee kuwa yake.

Kuna ndugu mmoja ambaye ameniruhusu nisimulie habari zake bila kumtaja wala kuitaja ofisi yake. Ni karani katika ofisi ya umma, na ameifanya kazi hiyo kwa miaka 12. Masikio yake yalianza kupungua nguvu. Hakumwambia mtu. Aliketi karibu na mkubwa wakati wa mikutano, akasoma midomo, akacheka wengine walipocheka. Meza yake ilitazama ukuta, kwa hiyo mtu akimwita kutoka mlangoni hakuitika. Wenzake wakasema ana kiburi. Wananchi wakalalamika. Mwisho akapewa barua ya kujieleza kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu. Alipewa siku 14.

Alikuja kwangu usiku, ile barua ameikunja mara nne mfukoni. Akaniambia, "Pasta, niombee nisikie kabla ya siku hizo kuisha." Nikamwombea. Kisha nikamwomba anionyeshe barua tuisome pamoja. Nilisomea biashara chuoni, na mambo ya uajiri nayafahamu kiasi. Nikamwambia jibu la barua hii ni ukweli, na daktari auandike. Akanyamaza kwa muda mrefu, halafu akasema, "Nikiandika kwamba sisikii, nimejiandikia barua ya kufukuzwa."

Wapendwa, hebu fikirieni. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, anaona ni afadhali aitwe mwenye kiburi kuliko ajulikane kwamba masikio yake hayafanyi kazi. Na si ofisini peke yake. Aliniambia kwamba hata hapa kanisani alikuwa akificha, maana aliogopa kuitwa mbele kila Jumapili.

Alikwenda hospitali, akapimwa, akaandika. Unajua ofisi ilifanya nini? Waligeuza meza yake itazame mlango. Maagizo ya mikutano yakaanza kuandikwa kwenye karatasi. Basi. Kugeuza meza hakukugharimu serikali hata shilingi. Chuoni tulifundishwa kuhesabu gharama ya kila kitu, na wakubwa wengi wakisikia neno ulemavu wanawaza gharama tu. Mbona hawahesabu gharama ya kumpoteza mtu anayejua kila faili la ofisi kwa miaka 12? Masikio ya ndugu yetu hayajafunguka mpaka leo. Tunaendelea kuomba. Lakini kazini yupo, na meza iliyogeuzwa ndiyo jiwe lake.

Tatu: Hata mikono isiyo na ulemavu huchoka

Musa hakuwa ametenda dhambi mikono yake ilipokuwa mizito. Alichoka akiwa katika mapenzi ya Mungu kabisa. Na katika sura ya 18, mkwewe Yethro anakuja kumtembelea, anamwona akiamua kesi za watu kutoka asubuhi hadi jioni, na anamwambia wazi kwamba hilo si jambo jema, kwamba atajimaliza yeye pamoja na watu wake. Hakumwambia afunge siku tatu. Alimwambia agawe kazi.

Wako hapa walimu wenye darasa la watoto wengi kupita kiasi. Yuko nesi anayefanya zamu ya usiku kisha asubuhi analima matuta. Yuko askari aliyeona ajali mbaya kwenye barabara ya Mombasa, na mpaka leo halali bila kunywa. Tukimwona amebadilika tunasema amepoa kiroho. Huenda mikono imechoka tu. Hata mwongozo wa wafanyakazi wa utumishi wa umma wa 2016 unazungumzia ushauri nasaha kazini. Kwenda kumwona mshauri si kumkana Yesu. Yethro alikuwa mshauri, na Musa, mtu aliyesema na Mungu ana kwa ana, alimsikiliza akafanya yote aliyoambiwa.

Tufanye nini wiki hii?

Wewe uliye mkubwa kazini, usingoje barua kutoka Nairobi. Tazama ofisi yako kesho. Je, mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuingia? Yule anayekaa kimya kila siku, umewahi kumwuliza kwa upole anahitaji nini? Uliza faraghani, na akikuambia, ifunge siri hiyo.

Wewe mwenye ulemavu, usijifiche kwa aibu. Kuna Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Unapimwa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha unasajiliwa. Ukishasajiliwa unaweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Katika utumishi wa umma, umri wa kustaafu kwa mwenye ulemavu ni miaka 65, ambapo wengine ni 60. Hiyo ni haki yako, na kuidai hakupunguzi imani yako. Ukiogopa kwenda peke yako, niambie twende pamoja.

Na sisi kanisa? Wazazi wetu walichimba matuta ya milima hii kwa mwethya. Jembe zilikuwa nyingi, lakini si kila mtu alishika jembe. Aliyeshindwa kulima alipika, mwingine akaimba watu wasichoke, na jioni hakuna aliyeambiwa hakufanya kazi. Tunaujua moyo huu, tumeupata nyumbani. Lakini mlango wa kanisa letu una ngazi nne, na kuna mama anayebebwa na vijana wawili kila Jumapili. Yeye anatabasamu. Mimi nimemwuliza, na ameniambia angependa kuingia nyumba ya Baba yake bila kubebwa kama gunia. Wazee wamekubali tujenge mteremko kando ya zile ngazi. Jumamosi hii saa mbili asubuhi ni mwethya. Njoo na jembe, karai, au hata mtungi wa maji. Mawe tunayo.

Tutaendelea kuwawekea wagonjwa mikono na kuamini. Mungu akiponya, tutashangilia mpaka Nunguni wasikie. Na kabla hajaponya, au akiamua kumtumia mtu vile alivyo kama alivyomtumia Musa, asikose mahali pa kuketi kwetu.

Tuombe: Baba, wewe ndiwe uliyeumba kinywa na sikio na jicho. Wapo watoto wako wanaoficha udhaifu wao kazini kwa hofu ya kupoteza mkate wa watoto. Waondolee hofu hiyo. Wape wakubwa wao macho ya Haruni na Huri. Sisi nasi utufanye watu ambao ndugu zetu hawaogopi kutuambia ukweli. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.