Ole Wenu Mnaowasha Jioni

Sikieni, enyi wa Mbinga, nanyi mlioko chini, Lituhi, Liuli na Mbamba Bay! Jua likizama ng'ambo ya ziwa mnatoka na viberiti. Huyu anachoma majani ya shamba, yule taka zilizojaa mifuko ya plastiki, mwingine anachochea tanuri la matofali likeshe. Kisha mnafunga milango mkisema moshi utakwenda na upepo. Upepo upi?

Kipupwe cha Juni na Julai mnakijua. Usiku usio na wingu ardhi hupoa upesi, nayo huipoza hewa iliyoigusa. Hewa hiyo ni nzito. Huteremka kutoka mgongoni hadi bondeni, ikatuama. Juu yake hukaa hewa yenye joto zaidi, mithili ya mfuniko wa chungu. Moshi wenu haupenyi hapo. Hutandaa, hupita chini ya mlango wa jirani, na asubuhi mnauita ukungu. Mtoto akikohoa, mnalaumu vumbi!

Kiwanda hujengewa dohani ndefu ili moshi utokee juu ya mfuniko huo. Moto wako wa uani una dohani gani? Na hata dohani hazikuiokoa London: tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952 hewa ilijifunga juu ya moshi wa makaa ya mawe, wakafa watu wapatao 4,000 kwa hesabu ya kwanza. Watafiti wa baadaye wametaja hadi 12,000.

Watu wa ufukweni, msijisifu kwamba upepo wa usiku hutoka nchi kavu. Unawapelekea moshi ndugu zenu wanaovua usipa kwa taa. Mchana upepo hugeuka, ukavuma kutoka ziwani kuja kwenu.

Lakini aibu iliyo kubwa ni yenu, warithi wa ngoro. Wazee walifyeka majani, wakayapanga miraba, wakayafukia kwa udongo uliochimbwa katikati. Yakaoza, yakalisha maharage na mahindi, na shimo likazuia maji ya mvua mteremkoni. Ngoro haikuhitaji kiberiti. Ninyi mnachoma mbolea yenu, halafu mnapanga foleni kununua ya mfuko.

Mwenye tanuri, najua halizimwi kwa usiku mmoja. Lijenge basi mahali palipo wazi, penye upepo, mbali na bonde wanakolala watu. Mwenye plastiki, usiichome saa yoyote. Nawe mwenye majani, jembe lako liko wapi?