WAKFU KWA AJILI YA KUTAFUTA DAWA YA MARADHI YA UZEE

Tumeulizwa na mzee mmoja wa hapa Kambi Muru, Kibera, swali ambalo twaona si lake peke yake. Mzee huyu ana vyumba vya kupangisha, na anataka kodi ya vyumba viwili iwe wakfu baada yake. Kaka yake alipofuka kidogo kidogo kwa presha ya macho, na mama yake alipiswa hata asimjue mwanawe aliyekuwa akimlisha. Auliza: Je, yafaa kodi hiyo wapewe matabibu wanaochunguza maradhi kama haya, ili siku moja dawa ipatikane? Au ni bora wapewe vipofu na wenye njaa tunaowapita mlangoni mwa msikiti kila Ijumaa? Wenziwe wamemwambia kwamba uchunguzi ni mchezo wa matajiri, na kwamba uzee hauna dawa, Mtume mwenyewe (s.a.w.) kesha sema.

Swali hili lataka kujibiwa kwa utaratibu, kwa kuwa ndani yake mna maswali matatu yaliyochanganywa.

Kwanza, hili la kuwa uzee hauna dawa. Ni kweli Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba kila maradhi yameteremshiwa dawa, isipokuwa uzee. Lakini wanaoishika hadithi hii kuwa hoja ya kukaa kitako wameushika mkia wakauacha mwili. Mwanzo wa hadithi hiyo ni amri ya kujitibu. Kisha kilichotolewa ni uzee wenyewe, yaani kuchakaa kwa mwanadamu hata afikie ajali yake. Hayakutolewa maradhi yanayomjia mtu akiwa mzee. Mtoto wa jicho huja na uzee, na leo hutibiwa kwa muda mfupi, mtu akatoka akiona. Lau wahenga wa utabibu wangesema huu ni uzee tu, wazee wetu wote wangekuwa wakiongozwa kwa fimbo. Basi asemaye kwamba presha ya macho au ugonjwa wa kupiswa ni uzee mtupu, na alete dalili. Kwani wako wazee wa miaka tisini ambao macho yao yaona na akili zao ni timamu. Kama ungekuwa ni uzee wenyewe, usingembagua mtu.

Pili, je, yafaa kisheria? Hapa hapana budi kutenga zaka na wakfu. Zaka ina wenyewe, makundi manane yaliyotajwa katika Kur-ani, wa kwanza wao mafakiri na maskini. Hatuoni ruhusa ya kuichukua haki ya fakiri kuipeleka katika chumba cha uchunguzi. Ama sadaka na wakfu, mlango wake ni mpana, maadamu jambo lenyewe ni la kheri. Tena Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba katika mambo yasiyokatika mtu akifa ni sadaka inayoendelea na elimu inayonufaisha. Mwenye kuweka wakfu kwa elimu ya tiba amejumuisha mawili hayo kwa mkono mmoja.

Wala si jambo geni. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa katika miaka ya 1284 na 1285, iliendeshwa kwa mali ya wakfu. Ilikuwa na matabibu wa macho, na ndani yake elimu ya tiba ikisomeshwa. Ibn al-Nafis, tabibu aliyeeleza jinsi damu ipitavyo mapafuni, alipofariki mwaka 1288 aliiachia hospitali hiyo nyumba yake na vitabu vyake. Kabla yao, yapata mwaka 1000, Ammar bin Ali wa Mosul alibuni sindano yenye tundu ya kufyonzea mtoto wa jicho. Mababu hawa hawakuona kwamba kumtibu mgonjwa na kuitafuta elimu ni mambo mawili yanayogombana.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito: hata kama yafaa, je, ni bora? Kipofu aliyeko mlangoni twamwona. Yule atakayenufaika na uchunguzi hatumjui, pengine hajazaliwa. Vipi tumwache tunayemwona kwa ajili ya tusiyemwona?

Twasema, hoja hii ni nzito, wala haifai kuidharau. Lakini tutazame kila maradhi yanataka nini. Mtoto wa jicho hahitaji uchunguzi mpya ili aondolewe. Dawa yake imekwisha julikana. Kinachokosekana ni nauli, gharama ya upasuaji, na mtu wa kumpeleka mzee hospitali ya macho ya Kikuyu au ya Kwale. Hapo shilingi iende kwa mgonjwa mara moja, na mwenye kuichelewesha kwa jina la elimu amekosea. Ama presha ya macho si hivyo. Yenyewe huua mshipa unaopeleka nuru kutoka jichoni hadi ubongoni. Matone na upasuaji huzuia isiendelee, lakini kilichokwisha kufa hakirudi, na wengi huja kwa tabibu wakiwa wamechelewa kwa kuwa haina maumivu. Tena imethibitika kwamba watu wenye asili ya Afrika huipata mapema na kwa ukali zaidi. Na ugonjwa wa kupiswa, ambao namna yake iliyo mashuhuri zaidi ilielezwa na tabibu Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, hadi leo hauna dawa ya kuuponya. Katika maradhi haya, hata ukimpa mgonjwa mali ya Karuni, utamnunulia nini? Kinachokosekana ni elimu.

Na hata hiyo tiba tunayoiita imekwisha julikana, ilikuwa uchunguzi jana. Kile kioo kidogo kinachotiwa ndani ya jicho baada ya kuondolewa mtoto wa jicho kilitiwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1949 na tabibu Harold Ridley, naye akapingwa na wakubwa wa fani yake kwa miaka mingi. Leo maskini wa Kwale anaona kwa kioo hicho. Basi sisi tunakula matunda ya mti uliopandwa na watu wasiotujua. Je, ni insafu tuyale kisha tukatae kupanda?

Pengine mtu atasema: Wazungu wana mali na vyumba vya uchunguzi, watafute wao, sisi tutanunua. Jawabu ni kwamba atafutaye hutafuta kwanza kinachomsumbua yeye, na akipatacho kwao huenda kisilingane na hali yetu. Uchunguzi ulioanza mwaka 1992 uliwafuatilia wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, pamoja na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2001 yalionyesha kwamba ugonjwa huo wa Alzheimer ulikuwa ukiwapata wa Ibadan kwa kiasi kisichofika nusu ya wenzao, hali asili yao ni moja. Jambo kama hili lisingalijulikana lau wazee wa Ibadan hawakuhesabiwa. Karibu nasi, wilayani Hai, Kilimanjaro, walichunguzwa wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi katika miaka ya 2009 na 2010, ikaonekana kwamba takriban 6 katika kila 100 wamepatwa na ugonjwa wa kupiswa. Na huko Nakuru zaidi ya watu 4,000 wa miaka 50 na kuendelea walipimwa macho mwaka 2007 na 2008, kisha wakafuatwa tena baada ya miaka kiasi cha sita. Na katika kazi hiyo ikajaribiwa programu ya simu ya kupimia macho, ambayo hata asiye tabibu aweza kuitumia.

Tena kuna uchunguzi ambao mfanyabiashara hataulipia kamwe, kwa kuwa faida yake ni ya mgonjwa na hasara ni yake. Yako maradhi ya uzee yanayoharibu kitovu cha kuonea nyuma ya jicho. Marekani ilikuwapo sindano ya maradhi hayo ya dola kama 2,000, na nyingine ya dola kama 50 iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani. Ni uchunguzi uliolipiwa na mali ya umma uliozilinganisha, na mwaka 2011 ukaonyesha kwamba nguvu zake ni sawa. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaitia ile ya bei nafuu katika orodha ya dawa za lazima. Hii ndiyo kazi ya mali ya sadaka: kuuliza swali ambalo mwenye duka hapendi liulizwe.

Pamoja na hayo, wakfu wa namna hii hautimii bila ya masharti. Mgonjwa asichunguzwe ila kwa ridhaa yake, na aliyekwisha piswa walii wake aulizwe. Watu waliotoa damu yao na habari zao warudishiwe matokeo kwa lugha wanayoifahamu. Hesabu ya mali isomwe hadharani kila mwaka. Na msimamizi wa wakfu asiwe mwenye kufaidika nao. Wakfu mwingi wa pwani umeliwa kwa kukosa sharti hili la mwisho, na kila mji una mfano wake.

Tena tusijidanganye kwamba tukitoa shilingi kwa uchunguzi tumetimiza wajibu. Mwezi wa Oktoba 2021 kule Kisii vikongwe wanne waliuawa kwa kuitwa wachawi, na Kilifi wazee wenye mvi wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma hiyo hiyo, mara nyingi kwa tamaa ya mashamba yao. Mzee anayepotea njia usiku, anayesema peke yake, anayemtuhumu mkwewe kwa wizi, mtu mjinga humwona mchawi. Elimu ya kwanza ya maradhi haya haitaki chombo wala mashine: ni kujua kwamba huyu ni mgonjwa, na kwamba Mwenyezi Mungu ametukataza hata kuwaguna wazazi wetu wanapofikia uzee mikononi mwetu.

Hapa Kibera jambo hili lina maana nyingine pia. Wazee wa Kinubi ndio waliohifadhi vifuani mwao habari za ardhi hii tangu ilipotengwa kwa askari mwaka 1918. Na hati ya eka 288 haikupatikana ila mwaka 2017. Muda wote huo daftari letu lilikuwa kumbukumbu zao. Mzee mmoja akipiswa, ukurasa mzima hufutika.

Basi jawabu letu kwa mzee wetu ni hili. Kuitafuta elimu ya tiba ni faradhi ya kutoshelezana: wakiisimamia baadhi, wengine huondokewa na dhambi, wakiiacha wote, wote huulizwa. Kama mali yake yatosha jambo moja tu, na mbele yake yuko kipofu wa mtoto wa jicho, amtangulize huyo, kwani mwenye dharura iliyo mbele ya macho ndiye mwenye haki zaidi. Lakini yeye ana vyumba viwili. Kodi ya chumba kimoja iwe ya kuwapeleka maskini wakatibiwe kwa dawa inayojulikana, na kodi ya chumba cha pili iwe ya kuitafuta isiyojulikana, ichunguzwe hapa petu, kwa masharti tuliyoyataja. Chumba cha kwanza kitamwombea dua anayeonekana. Cha pili kitamwombea mtu asiyemjua, na huenda akawa mjukuu wake mwenyewe.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.